Kinyama cha sentimita tatu utumboni: kikatwe vipande, kichunwe kizima, au nipasuliwe?

Shikamoo Daktari.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Tanga, umri wangu miaka 58. Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa naona damu nikienda haja kubwa, leo ipo, kesho haipo. Nikajipa jibu mwenyewe kwamba ni bawasiri, kwa sababu marehemu mama alikuwa nayo. Nimekalia beseni la maji ya moto na chumvi, nimekunywa mizizi ya kila namna. Binti yangu Zuhura alipokuja likizo akaniona nimepauka, akanichukua mpaka Dar na nikafanyiwa kile kipimo cha kamera cha utumbo mpana.

Walikuta vinyama vitatu. Viwili vidogo, cha milimita 4 na cha milimita 7, vilitolewa siku ileile. Cha tatu kiko mwanzoni kabisa mwa utumbo mpana, upande wa kulia, na hicho wakakiacha. Zuhura kanisomea ripoti: kina milimita 30, kimelala bapa, kimejaa punjepunje, hakina sehemu iliyobonyea. Walinyofoa kipande kimoja kidogo, maabara ikajibu kwamba ni adenoma, si saratani.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Daktari wa upasuaji aliyeniona kwanza alisema njia salama ni kufungua tumbo na kukata upande wote wa kulia wa utumbo, maana kinyama kikubwa namna hii hakitolewi kwa kamera. Daktari aliyenipima anasema kinatoka, atakitoa yeye kwa kamera ileile, ila atakikata vipande vipande. Shemeji yangu aliyeko Muscat naye kapiga simu. Kaambiwa kwamba Wajapani wana njia ya kukichuna chote kikiwa kizima, na kwamba kukata vipande ni kutawanya mbegu za saratani tumboni. Anataka tuuze kiwanja twende India.

Tena tuna jirani, mzee wetu wa mtaa wa pili, alitolewa kinyama kikubwa kama changu na jioni ileile alikuwa nyumbani anakunywa uji. Kwake kilikuwa chepesi, kwangu kwa nini kiwe kesi? Na vile viwili vyangu vidogo vilikatwa kwa waya tu bila kuunguzwa. Hiki kikubwa wanasema lazima umeme. Naogopa kuchomwa moto tumboni.

Nakunywa dawa za presha na aspirini ndogo kila siku. Nifuate lipi, Daktari? Usiku silali.

Mama Zuhura, Tanga

*

Marahaba, Mama Zuhura, na pole kwa kukosa usingizi. Nianze na jibu, maelezo yafuate. Kwa kinyama kama ulivyonieleza, ningemfuata yule daktari wa kamera na kumwacha akikate vipande. Tumbo lisifunguliwe kwanza, na kiwanja msikiuze. Lakini lipo sharti moja, na bila hilo jibu langu lote linabatilika. Nitalifikia.

Kwanza elewa kinyama chako kimekaa wapi. Utumbo mpana una ngozi laini ya ndani, na hiyo ndiyo inayoota kinyama. Chini ya ngozi hiyo kuna tabaka jepesi, lenye mishipa midogo ya damu. Chini yake tena ndiyo misuli, na nje ya misuli ni tumbo lenyewe. Ukuta wote huo ni milimita chache tu, na huko kulia kiliko kinyama chako ndiko ulikokuwa mwembamba zaidi kuliko popote. Bila shaka umemwona mtu akichuna mbuzi wa Idi: akishafungua kidogo kwa kisu, anaingiza ngumi kati ya ngozi na nyama, na ngozi inaachia yenyewe. Inaachia kwa sababu ya lile tabaka jepesi la katikati. Njia zote za kutoa vinyama kwa kamera zinacheza humohumo, katika tabaka hilo. Ukibaki juu yake uko salama. Ukilipita ukagusa msuli, unaweza kuutoboa utumbo.

Sasa vile vidogo viwili. Daktari wako alifanya sawasawa kabisa kuvikata kwa waya baridi, yaani tanzi jembamba la waya linalokaza mpaka linakata, bila umeme. Zamani tulikuwa tunaunguza hata vile vya milimita 5, tukidhani moto unaziba damu. Kweli unaziba siku ile, lakini unachoma pia mishipa ya chini, na kigaga kikidondoka siku kadhaa baadaye mgonjwa anatokwa na damu akiwa nyumbani. Taiwan walilipima jambo hili kwa watu zaidi ya 4,000 wenye vinyama vya milimita 4 hadi 10, matokeo yakachapishwa 2023. Waliounguzwa, damu ya baadaye iliwatoka 1.5 kati ya kila 100. Waliokatwa kwa waya baridi, 0.4. Ndiyo maana leo miongozo ya Ulaya inasema kinyama kisichozidi milimita 9 kikatwe baridi. Hata koleo la kunyofolea, lile linalouma kama mdomo wa ndege, tumeliwekea mipaka. Ni la vinyama vya milimita 1 hadi 3 ambavyo waya umeshindwa kuvinasa, kwa sababu koleo huacha mabaki.

Na jirani yako? Naamini chake kilikuwa na shina, kama uyoga. Kinyama cha namna hiyo, hata kichwa kikiwa kikubwa, kinashikilia ukuta kwa shingo tu. Unapitisha tanzi kichwani, unakaza kwenye shingo, umeme unapita, kimetoka chote. Hatari yake ni mshipa wa damu ulio ndani ya shina. Kwa hiyo kichwa kikifika milimita 20 au shina likiwa nene, shina linachomwa adrenalini au kubanwa kwa klipu au kitanzi cha plastiki kabla ya kukata. Jirani yako ana haki ya kusema ilikuwa rahisi. Chako hakina shingo. Kimelala ukutani kama zulia, na zulia huwezi kulinasa kwa kitanzi kimoja.

Ndiyo maana kuna hiyo njia aliyokuambia daktari wako. Utaisikia ikiitwa EMR, mimi naiita kuinua na kukata. Nikuoneshe inavyokwenda, maana hofu nyingi hutoka kwenye kutojua.

Utalala ubavu wa kushoto, umepewa dawa ya usingizi. Kamera ikifika mwisho wa safari, pale utumbo mwembamba unapomwagia kwenye utumbo mpana, daktari anapitisha sindano ndefu ndani yake. Anachoma pembeni mwa kinyama na kusukuma majimaji ya chumvi yaliyotiwa rangi ya buluu. Palepale kwenye skrini unaona kinyama kinafura na kuinuka, kama andazi linavyoinuka ndani ya mafuta. Huo mto wa maji ndio ulinzi wako, maana sasa kati ya kinyama na msuli pana nafasi. Kisha tanzi la waya linatoka, linafunguka, linalalia sehemu ya kinyama. Muuguzi anakaza taratibu mpaka anasema limeshika. Umeme sekunde chache, kipande kimeachia. Tanzi linarudi pembeni ya kile kidonda, linachukua kipande kingine, hivyohivyo mpaka zulia limekwisha. Chini panabaki pakavu, rangi ya buluu iliyolingana. Hiyo buluu tunaitazama kwa macho mawili. Kikionekana kiduara cheupe katikati yake, maana yake msuli umeguswa, na tunapabana kwa klipu kabla ya kwenda mbele hata hatua moja.

Kuhusu kuchomwa: ngozi ya ndani ya utumbo haina neva za kuhisi kisu wala moto. Kinachouma katika kipimo hiki ni utumbo kuvutwa na kujazwa hewa. Uliza kama wanatumia hewa ya kaboni dioksidi, kwa sababu mwili huinyonya haraka na tumbo halibaki limevimba.

Tuje kwenye maneno ya shemeji. Namheshimu, ana uchungu nawe. Lakini hizo mbegu hazipo. Adenoma si saratani. Ni kinyama kinachoweza kugeuka saratani kikiachwa miaka. Vipande vyake vikidondoka ndani ya utumbo havioti mahali pengine. Vinakusanywa kwa wavu mdogo au kuvutwa kwa bomba, vinapelekwa maabara. Hata hivyo shemeji amegusa jambo la kweli bila kulijua. Kukata vipande kuna udhaifu wa aina mbili, na huo ndio tofauti halisi kati ya njia hizi.

Udhaifu wa kwanza ni mabaki. Ukikata zulia kwa mikasi mara sita, pembeni panaweza kubaki uzi. Kinyama kinaota tena kutoka kwenye uzi huo, kwa kawaida kidogo, juu ya kovu. Kwa miaka mingi hii ilikuwa aibu ya EMR: karibu mmoja kati ya watano kinarudi. Kisha Waaustralia wakafanya jambo dogo lenye faida kubwa. Baada ya kumaliza kukata, walichukua ncha ya lile tanzi wakaizungusha kwenye ukingo wote wa kidonda wakiuunguza juujuu. Matokeo yao yalichapishwa 2019, na walikuwa wagonjwa wenye vinyama vya milimita 20 na zaidi, kama wewe. Waliounguzwa ukingo, kinyama kilirudi kwa 5.2 kati ya 100. Wasiounguzwa, 21. Vifaa vilevile, dakika chache za ziada. Kwa hiyo, Mama Zuhura, huo moto unaouogopa, pale ukingoni ndio unaokuokoa usirudi mezani.

(Kuna wanaokata hata vikubwa kwa waya baridi, vipande vidogovidogo. Wajerumani walilinganisha, wakachapisha 2024: madhara makubwa yalishuka kutoka 7.9 hadi 1.0 kati ya 100, lakini mabaki yalipanda kutoka 13.8 hadi 23.7. Kwa adenoma ya milimita 30 kwa mtu mwenye afya yako, mimi bado nachagua moto. Kwa mzee wa miaka 85 anayetumia dawa nzito za damu, ningefikiri tena.)

Udhaifu wa pili ni wa maabara. Ikitokea ndani ya kinyama pamejificha saratani changa, mtaalamu wa maabara anahitaji kupima imezama kiasi gani na kama ukingo ni safi. Saratani iliyozama chini ya milimita 1, isiyo kali, isiyoingia kwenye mishipa, na ukingo ukiwa safi, mara nyingi huwa imeshatibiwa kwa kutolewa huko tu. Lakini umpe vipande sita visivyojulikana kipi kilikuwa wapi, atapima nini? Hapo ndipo kuchuna kunapopata heshima yake.

Kuchuna, wenyewe wanaita ESD, kulianza Japani miaka ya 1990 kwa ajili ya saratani changa za tumbo la chakula. Badala ya tanzi, daktari anatumia kisu cha umeme chenye ncha ya milimita chache. Anainua kinyama kwa majimaji kama nilivyoeleza, anakata mstari kukizunguka, halafu anaingia chini na kukata nyuzi za lile tabaka jepesi moja baada ya nyingine, mpaka chote kinaachia kikiwa kizima. Kisha kinatandazwa na kubanwa kwa pini juu ya kibao, kama ngozi inayokaushwa, kikaenda maabara kikiwa na kulia na kushoto kwake. Nakiri ni kazi nzuri kuitazama. Wafaransa walizilinganisha njia hizi mbili kwa wagonjwa 360 wenye vinyama vya zaidi ya milimita 25, wakachapisha 2023. Baada ya miezi 6, kinyama kilikuwa kimerudi kwa 0.6 kati ya 100 waliochunwa, na 5.1 kati ya waliokatwa vipande. Shemeji akizisoma namba hizi atasema nilikuambia.

Sasa asome na upande wa pili. Katika utafiti uleule, madhara yalikuwa 35.6 kati ya 100 kwa waliochunwa na 24.5 kwa waliokatwa vipande. Na hiyo ni mikono iliyobobea. Kwa jumla, kutoboka utumbo katika EMR ni mtu mmoja hadi wawili kati ya 100. Katika kuchuna ni zaidi, kunafika karibu watano. Mengi ya matundu hayo yanazibwa kwa klipu hapohapo, lakini yanazibwa na aliyezoea kuyaziba. Kazi yenyewe ni saa moja, mbili, wakati mwingine zaidi, na mara nyingi unalazwa. Wajapani walijifunza kwenye tumbo la chakula, ambalo ukuta wake ni mnene na saratani yake kwao ni nyingi, kabla hawajagusa utumbo mpana wenye ukuta mwembamba. Daktari wa kwetu hana ngazi hiyo ya kupandia. Ndiyo maana wanaoiweza ni wachache, na anayeijaribu mara moja moja ni hatari kuliko asiyeijaribu kabisa.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kama kinyama chako kina dalili ya kuficha saratani. Faida kubwa ya kuchuna iko hapo. Ripoti yako imejibu, na ndiyo iliyonifanya nianze barua hii kwa uhakika. Kati ya vinyama bapa vikubwa, hicho chenye punjepunje zilizolingana, bila bonyeo na bila bonge kubwa linalojitokeza, ndicho chenye nafasi ndogo kabisa ya kuwa na saratani ndani. Kingekuwa laini bila punje, kimebonyea katikati, au kiko kwenye puru na kina bonge kubwa, ningekuambia tafuteni mchunaji hata kwa gharama, na shemeji ningemuunga mkono. Kingekuwa ni cha kurudi mara ya pili juu ya kovu, vilevile. Chako hakiko huko. Ukiruka kwenda India kwa hiki, unalipia nauli na hatari ya ziada kupata kitu ambacho kinyama chako hakikihitaji.

Nihofiacho zaidi ni ile rai ya kwanza, ya kupasuliwa. Simlaumu aliyeisema, pengine ndivyo alivyofundishwa, na kwa miongo mingi ndivyo ilivyokuwa. Ni mwaka 1969, mjini New York, ndipo Hiromi Shinya na William Wolff walipoanza kutoa vinyama vya utumbo mpana kwa tanzi kupitia kamera. Kabla yao, kinyama kilicho juu namna hii kilikuwa na njia moja, kisu cha tumbo. Lakini sasa tunazo hesabu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2018 uliwaangalia watu waliopasuliwa kwa ajili ya vinyama visivyo saratani: 14 kati ya 100 walipata tatizo kubwa ndani ya siku 30, na 0.7 walifariki. Walifariki kwa kitu ambacho hakikuwa saratani. Upasuaji una siku yake. Maabara ikikuta saratani iliyozama, au kinyama kikigoma kuinuka kwa majimaji na mkono wenye uzoefu ukashindwa, nenda bila kuchelewa. Usiwe mlango wa kwanza tu.

Jambo jingine, na hili limenigusa kwa sababu nimeliona likiharibu kazi nyingi: mtu yeyote asikinyofoe tena kinyama hicho kukipima, wala asikikate nusu kusema atamalizia siku nyingine. Kila jeraha linaacha kovu, na kovu linagundisha lile tabaka jepesi. Kesho majimaji yanapochomwa, kinyama hakiinuki. Kipande kimoja ulichonyofolewa kinatosha.

Ukionana na daktari wa kamera, muulize ana kwa ana na bila woga. Vinyama vya zaidi ya sentimita 2 ameshatoa vingapi? Ataunguza ukingo akimaliza? Klipu anazo mezani siku hiyo, au zinaagizwa? Na hospitalini siku hiyo yupo daktari wa upasuaji iwapo utumbo utatoboka? Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali haya. Hilo la klipu nakusisitizia kwa sababu chako kiko kulia. Katika utafiti mmoja wa 2019 kuhusu vinyama vikubwa, vidonda vya upande wa kulia vilivyofungwa kwa klipu vilitoa damu ya baadaye kwa 3.3 kati ya 100, visivyofungwa 9.6. Akikujibu kwamba ameshatoa viwili vitatu tu, mshukuru na umwombe akuandikie rufaa kwa anayefanya hii kila wiki. Hapo nauli ya kwenda mji mwingine ina maana.

Aspirini: usiiache wala usiendelee nayo kwa kauli yako, mwambie. Kwa EMR, aspirini ndogo peke yake mara nyingi inaendelea. Zinazosimamishwa siku kadhaa kabla ni dawa nzito za damu kama klopidogreli na warfarini, na hizo zinahitaji mpango. Kama ulianzishiwa vidonge vya madini ya chuma kwa ajili ya kupauka, hivyo navyo viache wiki moja kabla, maana vinaupaka utumbo weusi.

Usafishaji wa utumbo ndio nusu ya kazi. Siku mbili tatu kabla acha maharage, mchicha, mapera na pasheni yenye mbegu. Siku ya kuamkia, maji, madafu, chai ya rangi bila maziwa. Juisi ya rozela usiiguse, kwenye kamera inafanana na damu. Dawa ya kuendesha kunywa nusu jioni na nusu alfajiri kama utakavyoelekezwa. Wengi wanakunywa ya jioni, wanachoka, wanaifanyia ujanja ya alfajiri, na ni huko kulia ndiko kunakobaki na uchafu.

Ukishatolewa, usipande basi la Tanga kesho yake. Kaa kwa ndugu Dar, karibu na hospitali iliyokutoa, angalau wiki. Damu inaweza kutoka hata siku ya kumi au ya kumi na nne. Maumivu makali ya tumbo yanayoongezeka, homa, tumbo kuwa gumu, au damu nyingi yenye mabonge, usipige simu kwa jirani. Nenda.

Na sasa lile sharti. Miezi 6 baada ya kutolewa, au mapema kidogo akipanga hivyo, unarudi kuingizwa kamera tena na daktari analikagua kovu. Njia ya vipande ni tiba kamili kwa anayerudi, na ni tiba nusu kwa asiyerudi. Mwanzoni mwa kazi yangu nilimtoa baba mmoja kinyama kinachokaribiana na chako. Mvuvi, mtu mchangamfu, tulicheka wote siku ya kumruhusu. Nilimpa tarehe. Alijisikia mzima, na mtu mzima hana nauli ya kwenda hospitali. Nilimwona baada ya miaka minne akiwa amekonda, na juu ya kovu lilelile palikuwa na saratani ya kuziba njia. Kama angerudi mwezi wa sita, ningekuta punje mbili za mabaki na kuzitoa kwa robo saa. Tangu siku hiyo simtoi mtu kinyama cha vipande kabla hajanitajia nani atamkumbusha tarehe. Wewe mteue Zuhura, aiandike kwenye simu yake leo. Kama unajijua kwamba hutarudi, niambie, kwa sababu hapo ushauri wangu unageuka: bora uchunwe kizima mara moja.

Nikupe na namba moja ya kulalia. Wamarekani waliwafuatilia watu waliotolewa adenoma kwa kamera, wakaandika matokeo 2012: vifo vyao kwa saratani ya utumbo mpana vilikuwa pungufu kwa 53 kati ya 100 kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa kawaida. Wewe umeshapita sehemu ngumu, ya kuacha kuiita bawasiri.

Halafu ndugu zako wa tumbo moja. Adenoma ya sentimita 3 ni habari ya ukoo pia. Wote waliofika miaka 40 wampelekee daktari ripoti yako na waombe kipimo, mwaka huu, hata kama hawaoni damu. Na Zuhura, kwa kuwa ndiye aliyekuchukua mpaka Dar, akigonga 40 naye aingie kwenye foleni hiyohiyo.